Injini ya Kisasa Ndani ya Kombi ya Zamani: Soma Waya Kabla ya Kukata

Leo tunazungumza na mafundi vijana, wanafunzi wa vyuo vya ufundi, na kila mwenye gari la zamani anayefikiria kulitia injini nyingine. Tutaeleza jinsi ya kuunga waya za injini inayoongozwa na kompyuta katika gari ambalo halikuzaliwa na kompyuta. Hata kama wewe si fundi, soma mpaka mwisho. Kuna kipimo kimoja ambacho mwenye gari anaweza kukifanya mwenyewe, tena bila spana.

Mfano wetu ni Volkswagen Kombi ya kizazi cha tatu, ile huitwa T3. Gari hili lilitengenezwa Ulaya kuanzia 1979 hadi mwanzo wa miaka ya 1990, na huko Afrika Kusini liliendelea hadi 2002. Nyingi zimegeuzwa kuwa nyumba ndogo ya safari: kitanda nyuma, jiko la gesi pembeni, meza ya kukunja na betri ya pili ya taa. Bodi bado ni nzuri lakini injini imechoka. Basi mwenyewe anatafuta injini ya Subaru Legacy ya lita 2.2, inayojulikana kama EJ22.

Kwa nini Subaru? Kwa sababu mitungi yake imelala kama ya Volkswagen yenyewe, miwili upande huu na miwili upande ule. Kwa hivyo injini ni fupi na inaingia chini ya kitanda cha nyuma. Injini ya kawaida ya Kombi ya lita 1.9 yenye kabureta ilitoa nguvu za farasi 78. EJ22 hutoa karibu 130. Kwenye mlima, tofauti hiyo inaonekana.

Lakini kumbuka neno tulilosema: chini ya kitanda. Watu wanalala juu ya hiyo injini. Jiko linawashwa hatua mbili kutoka hapo. Kazi mbaya ya waya hapa si jambo la gari kukataa kuwaka tu, ni jambo la moto.

INJINI MBILI, TABIA MBILI

Injini ya kabureta haina maneno mengi. Ipe koili umeme, ipe petroli, piga stata, itawaka. Pampu yake ya petroli inasukumwa na injini yenyewe. Injini ikizima, pampu nayo inasimama.

Injini ya EJ22 inafanya kazi kwa njia nyingine. Inaongozwa na kompyuta, kisanduku kidogo cha bati chenye plagi zenye waya nyingi. Kompyuta inapokea habari kutoka kwa sensa: krenki imezunguka wapi, kamshafti iko wapi, hewa kiasi gani inaingia, maji yana joto gani. Kisha inaamua nozeli zifunguke kwa muda gani na plagi zirushe cheche lini. Pampu yake ni ya umeme na inasukuma petroli kwa nguvu ya baa 2.5 hadi 3 hivi. Ile ya kabureta haifiki hata baa moja.

Vijana wengi wakiona kile kitita cha waya wanaogopa, au wanaanza kukata. Yote mawili si lazima. Waya nyingi zinatoka kwenye injini kwenda kwenye kompyuta ya injini hiyo hiyo. Hizo hazihusiani na Kombi hata kidogo. Ziache kama zilivyotoka kiwandani. Zinazokutana na gari ni chache, unaweza kuzihesabu kwa vidole vyako. Kazi yote ni kuzijua hizo chache.

KABLA YA KUNUNUA INJINI

Injini iliyotumika isiyo na waya zake ni chuma kizito tu. Ukienda kununua, hakikisha unapata hivi vyote kutoka gari moja:

1. Kitita kizima cha waya, kisichokatwa kwa grainda kwenye ukuta wa injini.
2. Kompyuta ya injini hiyo hiyo. Ikiwezekana itoke kwenye gari la gia za mkono, kwa maana kompyuta ya otomatiki inatarajia kusikia habari za giaboksi ambayo hutakuwa nayo.
3. Sensa ya hewa, koili na kiwashi chake.
4. Rilei kuu na rilei ya pampu, pamoja na soketi zake.
5. Mchoro wa waya wa mwaka na aina ile ile. Usikubali mchoro wa gari linalofanana.

Injini za miaka ya karibuni zina ufunguo wenye chipu. Kompyuta isipoutambua ufunguo, inakataa kuwasha. Ukinunua injini ya namna hiyo bila ufunguo na kisanduku chake, umenunua kesi. EJ22 za mwanzo wa miaka ya 1990 hazina usumbufu huo, na ndiyo sababu moja mafundi wanazipenda.

Kwa upande wa Kombi, chagua ile inayopozwa kwa maji. T3 za kwanza za petroli zilipozwa kwa hewa. Injini ya petroli ya kupozwa kwa maji ilianza 1982. Hiyo ina rejeta mbele na feni yenye swichi yake ya joto. Iache feni hiyo na waya zake za Volkswagen, zinafanya kazi vizuri.

WEKA ALAMA KABLA YA MKASI

Tandaza kitita chote juu ya meza au sakafu safi. Chukua mita ya umeme, mchoro, kalamu na tepu ya karatasi. Anza na plagi ya kompyuta. Pima waya mmoja mmoja mpaka ujue unakwenda wapi, kisha uandike jina lake ncha zote mbili. Waya za taa, za waipa na za vioo utaziona zenyewe, hizo zitatoka. Sheria yetu ni moja: waya usio na jina ncha zote mbili haukatwi. Kazi hii inaweza kuchukua siku mbili. Usione uchungu. Fundi anayekata kwanza na kusoma baadaye atakaa wiki mbili akitafuta waya mmoja.

Waya za sensa za krenki na kamshafti zimevikwa wavu wa chuma ndani ya ngozi yake. Wavu huo unazuia kelele za umeme wa plagi. Usiuvue, na usirefushe waya hizo. Badala yake sogeza kompyuta karibu na injini. Iweke ndani ya gari, kwenye kabati la pembeni nyuma, mahali pakavu pasipo joto. Usiiweke kwenye chumba cha injini.

Ukipima, usitumie balbu ya kupimia kwenye waya za kompyuta. Balbu ya wati 5 inavuta karibu nusu ampea, na sensa nyingi zinafanya kazi kwa volti 5 na mkondo mdogo sana. Unaweza kuua kompyuta kwa kuipima tu. Tumia mita ya dijitali.

WAYA ZINAZOKUTANA

Volkswagen wameandika namba kwenye michoro yao, na namba hizo ni rafiki wa fundi. 30 ni umeme wa betri wa wakati wote. 15 ni umeme unaokuja ufunguo ukiwashwa. 50 ni wa kupiga stata. 31 ni ardhi, ile mafundi huita athi. Ukijua hizo nne umeshafika nusu ya safari.

1. Umeme wa wakati wote (30), kupitia fyuzi, kwenda kwenye rilei kuu na kumbukumbu ya kompyuta.
2. Umeme wa ufunguo (15), kuamsha rilei na kuiambia kompyuta kwamba dereva yupo.
3. Alama ya stata (50), ili kompyuta ijue injini inapigwa. Stata yenyewe inabaki ya Volkswagen, kwa sababu giaboksi ni ya Volkswagen.
4. Ardhi (31). Waya za ardhi za kompyuta zifungwe pale pale zilipokuwa, kwenye injini. Kisha weka waya mnene kutoka injini hadi bodi, chuma kwa chuma, bila rangi wala kutu katikati.
5. Umeme wa pampu ya petroli. Huu tutauzungumzia peke yake.
6. Altaneta: waya mnene wa kuchaji, na waya mwembamba wa taa ya betri kwenye dashibodi. Usiuache huo mwembamba. Bila taa hiyo altaneta inaweza kukataa kuanza kuchaji.
7. Taa ya kuonya ya injini. Weka balbu mpya kwenye dashibodi: upande mmoja umeme wa ufunguo, upande wa pili waya wa kompyuta. Kompyuta ndiyo inayoipa ardhi ikitaka iwake.
8. Alama ya mwendo wa gari. Kombi ina kebo tu ya kuzungusha saa ya mwendo, haina sensa. Mafundi hufunga sumaku ndogo na swichi yake kwenye kebo hiyo. Bila hiyo taa ya kuonya huwaka, na injini inaweza kuzima unapokaribia kusimama.
9. Taa ya oili, saa ya joto na ya mizunguko. Kwa saa ya joto, fuata kanuni hii: kila saa na sensa yake. Saa ya Volkswagen isomewe na sensa ya Volkswagen, na kompyuta ya Subaru isomewe na sensa ya Subaru. Ukizichanganya, saa itakudanganya hadi siku injini itakapochemka.

MTEGO WA RANGI

Hapa wengi wanaumia. Kwenye Volkswagen, waya wa ardhi ni wa rangi ya kahawia, na mweusi ni umeme wa ufunguo. Kwenye magari ya Kijapani mara nyingi mweusi ndio ardhi. Sasa fikiria kijana aliyezoea Toyota na Nissan. Anaona waya mweusi kwenye Kombi, anaufunga kwenye bodi bila kupima, anawasha ufunguo. Moshi! Rangi ikupe wazo tu. Jibu ulitoe kwenye mita.

UNENE WA WAYA

Betri ya Kombi iko mbele, chini ya kiti. Injini iko nyuma. Katikati kuna kama mita 4 za waya. Tupige hesabu kidogo.

Chukua kompyuta, koili na nozeli pamoja zikivuta ampea 15. Waya wa shaba wa milimita mraba 1.5, wenye urefu wa mita 4, utapoteza karibu volti 0.7 njiani. Waya wa milimita mraba 6 utapoteza chini ya volti 0.2. Unaweza kusema volti 0.7 ni kitu gani? Asubuhi ya baridi, stata ikivuta, betri yenyewe inashuka hadi volti 10 au chini yake. Ukiondoa nyingine 0.7, kompyuta inaweza kukataa kazi. Mwenye gari atasema umemuuzia injini mbovu, kumbe ni waya.

Tena usipitishe mzigo huo kwenye swichi ya ufunguo ya zamani. Swichi hiyo imefanya kazi zaidi ya miaka 30. Itumie kuamsha rilei tu, ambayo inahitaji chini ya nusu ampea. Mzigo upite kwenye rilei kutoka waya mnene wa betri, na fyuzi iwe karibu na betri. Fyuzi iliyowekwa nyuma kwenye injini hailindi zile mita 4 za waya zilizopita chini ya sakafu.

Waya za betri ya pili, za taa na friji, zipite njia yake na fyuzi yake. Usiibe umeme wa kompyuta ili kuwasha redio.

PAMPU: HAPA NDIPO PA KUFA NA KUPONA

Mara nyingi gereji husikika mazungumzo kama haya:

"Fundi, si uunganishe tu hiyo pampu moja kwa moja na swichi? Safari ni kesho."

"Naweza mzee, na itawaka. Lakini siku gari likipinduka, nani atazima pampu?"

Fundi huyo amesema kweli. Kompyuta ya injini haitoi umeme wa pampu ovyo. Inaangalia kwanza kama krenki inazunguka. Injini ikisimama kwa sababu yoyote, kompyuta inaachilia rilei na pampu inanyamaza, hata kama ufunguo bado umewashwa. Ukiunga pampu moja kwa moja na swichi, ulinzi huo umeuondoa. Gari likigongwa na bomba likipasuka, pampu itaendelea kumwaga petroli juu ya ekzosi yenye moto. Dereva ameumia, hawezi kufikia ufunguo. Nyuma kuna watoto kitandani.

Kwa hivyo rilei ya pampu iongozwe na kompyuta, daima. Ikiwa pampu haifanyi kazi, tafuta sababu, usiizunguke.

Sasa kipimo tulichowaahidi. Simama kando ya gari, injini ikiwa imezimwa. Mwambie mtu awashe ufunguo bila kupiga stata. Sikiliza. Pampu italia kama sekunde 2 kisha itanyamaza yenyewe. Ikinyamaza, vizuri. Ikiendelea kulia bila kukoma, usilipokee gari na usilipie mpaka irekebishwe. Hicho ni kipimo ambacho mama wa nyumbani au mwalimu anaweza kufanya, na hakuna fundi mwaminifu atakayekasirika.

Pamoja na hayo, badilisha mipira yote ya petroli. Mpira wa kabureta hauwezi nguvu ya baa 3. Nunua ule wa injini za nozeli, ambao huandikwa SAE J30R9, na vibano vyake vinavyofaa. Pampu mpya ifungwe chini, karibu na tanki.

MIUNGO

Kusokota waya na kuzungushia tepu si kuunga, ni kuahirisha. Joto la injini linayeyusha gundi, tepu inafunguka, waya unagusa chuma. Tumia viungo vya kubana kwa koleo lake, au lehemu kwa risasi, kisha funika kwa mpira unaonywea kwa joto. Funga waya kwenye bodi kila baada ya sentimita 30 hivi ili zisicheze. Kila tundu la bati ambalo waya unapita liwekwe mpira wa kuzuia ukali. Barabara zetu za mawe zinajua kukata waya polepole kama msumeno.

SIKU YA KUWASHA

Usipige stata mara moja. Fuata utaratibu:

1. Ondoa fyuzi ya pampu. Washa ufunguo. Taa ya kuonya, ya oili na ya betri zote ziwake.
2. Pima umeme kwenye kompyuta. Usipungue sana kuliko ule wa betri.
3. Rudisha fyuzi. Sikiliza zile sekunde 2. Kagua mipira yote kama kuna mvujo, kwa macho na pua.
4. Mtungi wa kuzimia moto uwe karibu, na jiko la gesi lifungwe kwenye mtungi wake.
5. Sasa piga stata.

Ikiwaka lakini taa ya kuonya ikabaki, usiondoe balbu! Taa hiyo inaongea. EJ22 za mwanzo wa miaka ya 1990 zina plagi nyeusi za kusomea kumbukumbu. Ukiziunganisha na kuwasha ufunguo, taa itapepesa. Mwanga mrefu ni kumi, mfupi ni moja. Namba 11 ni sensa ya krenki, 13 kamshafti, 21 joto la maji, 23 sensa ya hewa, 33 alama ya mwendo. Ukiona 33, rudi kwenye ile sumaku ya kebo.

SHERIA NA KARATASI

Namba ya injini imeandikwa kwenye kitabu cha gari. Ukibadilisha injini, ni lazima mamlaka ya usafiri, yaani NTSA, wajulishwe ili namba ibadilishwe. Omba risiti ya injini kwa muuzaji na uiweke. Mjulishe pia mwenye bima, kwani siku ya ajali si siku ya kuanza kueleza. Na wewe fundi, mkabidhi mwenye gari mchoro wa waya ulioufanya, umechorwa kwa mkono si neno. Gari likikwama mbali, fundi wa huko atakushukuru bila kukujua.

Vijana, kazi hii inaleta heshima na pesa ya halali. Lakini waya zikishafunikwa, mteja hazioni tena. Anakuamini tu. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na ukuta wa gari lililoungua haujengeki.

MASWALI YA KUJADILIANA KATIKA KIKUNDI

1. Kwa nini pampu ya petroli isiungwe moja kwa moja na swichi ya ufunguo?
2. Kwenye gari lililo karibu nanyi, tafuteni waya wa ardhi kwa mita. Una rangi gani? Je, mngeukisia vizuri bila kupima?
3. Pigeni hesabu: waya wa milimita mraba 2.5, mita 4, ampea 15, unapoteza volti ngapi? (Shaba: 0.0175 mara urefu, gawanya kwa unene, kisha zidisha kwa ampea.)
4. Mteja ana haraka na anataka njia ya mkato. Utamjibuje bila kumpoteza?